MUHURI SI HUKUMU

Wananchi wengi hudhani kwamba safari ikiisha imekwisha. Mtu amekwenda, amerudi, amewasalimu wazee, basi. Sivyo. Safari ya leo hubaki katika pasipoti, nayo yaweza kusimama kwenye mlango wa nchi nyingine miaka kumi baadaye na kumwambia mwenyewe, "Wewe kaa pembeni." Juma hili twataka kulisema jambo hili waziwazi, kwa sababu vijana wa Tabora, wa Urambo, wa Nzega na wa Kigoma wanazidi kwenda ng'ambo kwa masomo, kwa kazi na kwa ibada. Chama kisichowafundisha watu wake mambo ya dunia kinawaacha wafundishwe na maofisa wa uwanja wa ndege, tena wakiwa wamekwisha kuchelewa.

Sisi watu wa njia ya misafara si wageni katika habari hii. Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Unyanyembe. Ilipofika Ugogo ililipa hongo. Hongo ilisumbua, lakini ilijulikana: ukitoa nguo na shanga, unapita. Mwaka 1871 vita vilipozuka baina ya Mtemi Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe, mambo yaligeuka. Mirambo alifunga njia ya Ujiji. Tangu hapo hongo peke yake haikutosha, maana msafara uliotoka Unyanyembe ulihesabiwa kuwa msafara wa adui. Mzungu Stanley, aliyekuwa akimtafuta Livingstone, alikwama Kwihara, akaingia vitani pamoja na Waarabu, wakashindwa, kisha ikambidi azunguke kusini ndipo afike Ujiji.

Hatumlaumu Mirambo. Alikuwa na vita vyake na sababu zake, na mwenye nchi ana haki ya kulinda mlango wake. Lakini mpagazi wa Kinyamwezi, aliyebeba mzigo wa mtu mwingine ili apate ujira wa kuoa, alikuwa na ugomvi gani na Mirambo? Hakuwa na ugomvi wowote. Alihukumiwa kwa mahali alipotoka, wala si kwa jambo alilolitenda. Hiki ndicho kiini cha maneno yetu leo.

Tutazame dunia ya sasa. Raia wa nchi kadhaa zilizo rafiki wa Marekani, kama Uingereza, Ujerumani na Ufaransa, huingia Marekani kwa ziara fupi bila kuomba viza; hujaza fomu katika intaneti, wakaruhusiwa. Desemba 2015 Marekani ilitunga sheria kwamba mtu wa nchi hizo aliyefika Iran, Iraq, Sudan au Syria tangu tarehe 1 Machi 2011 hatapata tena njia hiyo ya mkato. Mwaka 2016 zikaongezwa Libya, Somalia na Yemeni. Baadaye ikaongezwa Korea ya Kaskazini, kisha na Kuba kwa kila aliyefika huko tangu tarehe 12 Januari 2021. Tuseme kweli: sheria hiyo haimfungii mtu Marekani moja kwa moja. Humpeleka ubalozini akapange mstari, alipe ada na ahojiwe kama watu wengine. Askari na maofisa waliotumwa na serikali zao waliachiwa nafasi ya kupita. Mtu wa kawaida hakuachiwa.

Msomaji atasema, "Hayo ni ya Wazungu. Sisi Watanzania viza tunaomba siku zote." Ni kweli kwamba nchi yetu haikupata kuwamo katika mpango ule. Lakini ndugu zetu wamo. Tuwachukue Makhoja Ithnaashari, ambao wazee wao walifungua maduka tangu pwani mpaka bara. Watoto na wajukuu wao wengi leo ni raia wa Uingereza. Kwao ziara ya Karbala na Najaf katika Iraq, na ya Mashhad katika Iran, ni ibada. Aliyekwenda Karbala mwaka 2012 alivunja sheria gani? Hakuvunja hata moja. Sheria yenyewe ilikuwa haijazaliwa. Ilizaliwa baada ya miaka mitatu, ikageuka nyuma na kumshika shati.

Hata sisi wenye pasipoti ya Tanzania hatuko mbali na moto huu. Fomu ya viza ya Marekani humwuliza mwombaji nchi alizozitembelea katika miaka mitano iliyopita. Vijana wetu wengi walikuwa wakisoma Khartoum hata vita vya Aprili 2023 vilipozuka na Serikali ikawarudisha nyumbani. Kijana wa namna hiyo akiomba nafasi ya masomo ng'ambo ataandika "Sudan." Kuiandika si kosa, lakini ni lazima awe tayari kueleza alikwenda kufanya nini.

Tutazame upande mwingine wa dunia, maana ubaya huu hauna kabila. Serikali yetu ilivunja uhusiano na Israel mwaka 1973, ikaurudisha mwaka 1995, na mwaka 2018 ikafungua ubalozi Tel Aviv. Wakristo wetu huenda Yerusalemu kuhiji. Vijana wetu wamekwenda kujifunza kilimo, na wawili kati yao waliuawa katika shambulio la tarehe 7 Oktoba 2023. Lakini Lebanon haimpokei mtu mwenye muhuri wa Israel katika pasipoti yake. Kwa sababu ya mambo kama haya, tangu mwaka 2013 Israel imekuwa ikiwapa wageni kikaratasi badala ya kugonga muhuri. Hata hivyo mtu akivuka kwa miguu pale Taba, muhuri wa Misri humsemea kimya kimya alikokuwa akielekea. Na Israel nayo humhoji kwa kirefu aliyefika Lebanon, Syria au Iran. Kila mmoja anamshuku mgeni wa mwenzake.

Sasa twaulizwa swali gumu, nasi hatutalikwepa. Je, si sisi Waafrika tuliofanya jambo hili hili? Ndiyo, tulifanya. Tarehe 26 Juni 1959 Mwalimu Nyerere alisimama katika mkutano wa London kuwaomba Waingereza wasinunue bidhaa za makaburu. Mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika iliwekwa Dar es Salaam. Pasipoti za nchi nyingi za Kiafrika ziliandikwa kwamba hazifai kwa Afrika ya Kusini. Mwaka 1976 timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza na makaburu. Tanzania na nchi zaidi ya 20 za Afrika zikakataa kucheza Olimpiki ya Montreal pamoja na New Zealand. Ndugu Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, hakukimbia Montreal. Dhahabu ilichukuliwa na John Walker wa New Zealand, yule yule aliyeachwa nyuma na Bayi miaka miwili kabla. Na mwaka 1981 serikali ya Guyana ilimfukuza mchezaji wa kriketi wa Uingereza, Robin Jackman, kwa kuwa alikuwa amecheza Afrika ya Kusini. Waingereza wakakataa kucheza huko bila yeye, mchezo ukavunjika.

Basi, kama sisi tulifunga milango, kwa nini tulalamike wengine wakifunga? Jibu letu ni kwamba milango haifungwi kwa namna moja.

Kwanza, sisi tulitangaza mapema. Aliyekwenda kucheza na makaburu alijua dunia inasema nini. Hakuna aliyeshikwa kwa sheria iliyozaliwa baada ya safari yake.

Pili, tulitazama tendo. Timu ilikwenda kama mgeni wa heshima, ikawapa makaburu uso wa kujionyesha mbele ya ulimwengu. Mtu aliyekwenda kumzika mama yake Soweto hakuwa na sura hiyo, wala hakuna aliyemtafuta.

Tatu, tuliacha mlango wa kurudi. Umoja wa Mataifa ulipoanza kuandika majina ya wanamichezo waliokwenda Afrika ya Kusini, tangu mwaka 1980, ulikubali kulifuta jina la yeyote aliyeahidi kwamba hatarudi tena. Adhabu ilikuwa na mwisho, na mwisho ulikuwa mkononi mwa mtu mwenyewe. Na ubaguzi ulipoanguka, mwaka 1994, mambo hayo yote yakakunjwa.

Ipime sheria ya mwaka 2015 kwa mizani hiyo. Inarudi nyuma miaka minne na zaidi. Haiulizi kama mtu alikwenda kusali, kusoma au kuzika. Wala haisemi ni lini safari moja ya Karbala itasahauliwa. Ipime na desturi ya Lebanon: inatazama karatasi tu, na kwa hiyo inawafundisha watu kuficha karatasi. Sheria inayomfundisha mtu mwema kuficha ni sheria mbaya, hata kama aliyeitunga ana adui wa kweli.

Tena tukumbuke ni nani hasa waliokuwa wakiogopa nyayo za watu. Mzee Oginga Odinga alipokwenda China na Urusi mwaka 1960, serikali ya kikoloni ya Kenya ilimnyang'anya pasipoti aliporudi. Mandela alitoka kwao kwa siri Januari 1962 akapita kwetu Tanganyika. Aliporudi akakamatwa mwezi wa Agosti, na katika miaka mitano aliyohukumiwa Novemba, miwili ilikuwa kwa kosa la kutoka nchini bila pasipoti. Wakoloni na makaburu waliogopa mtu aliyeona kwingine, maana aliyeona kwingine hadanganyiki kwao.

Hapa Tabora tuna fundisho letu wenyewe. Januari 1958 mkutano wa TANU ulikutana katika mji huu kuamua kama chama kiingie katika uchaguzi wa kura tatu, ambamo kila mpiga kura alilazimishwa kuchagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wako walioona kwamba kuingia ni kukubali. Bwana Zuberi Mtemvu alijitenga akaunda chama chake. Wengi waliamua kuingia, na waliingia wakashinda. Kukanyaga uwanja uliopimwa na mpinzani hakukuwafanya kuwa watu wake. Kilichowahukumu ni walichokifanya walipokuwa ndani. Kwa nini msafiri asipimwe vivyo hivyo?

Hayo ni ya haki. Sasa tuseme ya matumizi, maana haki inayongojewa haimsaidii mtu aliye mbele ya dirisha la ubalozi leo.

Usiseme uongo katika fomu. Kwa sheria ya Marekani, safari yenyewe mara nyingi huleta maswali tu, lakini uongo juu ya safari waweza kumfungia mtu mlango maisha yake yote. Usichane ukurasa wala usifute muhuri. Pasipoti iliyoharibiwa si pasipoti. Tunza barua ya chuo, ya mwajiri au ya kiongozi wa msafara wa ibada, ili ukiulizwa ulikwenda kufanya nini uwe na ushahidi mkononi. Na kabla ya kwenda nchi yenye ugomvi na nyingine, uliza: je, baadaye nataka kwenda wapi? Kama ni lazima uende kote kuwili, fikiri uanze na ipi. Wahenga walisema mtembezi hula miguu yake. Ni afadhali aile akijua.

Kwa matawi ya chama twasema hivi. Kila tawi lina mwalimu au mtu aliyesafiri. Asimame mkutanoni awasomee vijana mambo haya kabla hawajaenda kuomba pasipoti. Hakuna gharama yoyote ila dakika 20.

Na kwa Serikali yetu twasema kwa heshima, lakini kwa sauti. Serikali ikitia mkataba na nchi fulani na kumpeleka kijana kusoma au kujifunza kazi huko, huyo si mtalii aliyepotea njia. Amekwenda kwa mkataba wa Taifa. Basi apewe barua ya Taifa, yenye muhuri wa Taifa, isemayo alikwenda wapi, lini, na kwa kazi gani. Maofisa wa Marekani waliziachia nafasi serikali kwa watu wao waliotumwa. Nasi tudai nafasi hiyo hiyo kwa mtoto wa mkulima wa tumbaku wa Kaliua aliyetumwa. Mabalozi wetu waisimamie barua hiyo kila inapokataliwa. Mpagazi wa zamani alibeba mzigo wa mtu mwingine, akaachwa ajibu peke yake njiani. Mtoto wetu asibebeshwe mkataba wa Serikali kisha aachwe ajibu peke yake.

Na siku sisi wenyewe tutakapotaka kumfungia mtu mlango wa nchi yetu, tutumie mizani ile ile tuliyoitumia juu ya wengine. Tumwulize alifanya nini huko alikotoka. Akiwa hakufanya baya, apite.