Gugumaji Likiondolewa, Samaki Huenda Wapi?

Neno "gugu" hutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa. Gugu ni mmea uotao mahali usipotakiwa, na dawa yake ni moja tu: kung'olewa. Ndiyo maana, tangu mmea ule wa maua ya zambarau kutoka Amerika ya Kusini uonekane katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na kubatizwa gugumaji, mjadala wetu umehusu namna ya kuuondoa. Swali la pili, yaani ni viumbe gani vimekwisha kufanya makao chini yake na vitapatwa na nini paa hilo likiondoka, limeachiwa wataalamu wachache. Hata hivyo, linamhusu mkazi wa Manyatta sawa na mvuvi wa Dunga, kwa kuwa jibu lake huishia sufuriani.

Wenzetu wa ng'ambo wamelikabili swali hilohilo kwa sura nyingine. Majukwaa ya kuchimbia mafuta baharini yakizeeka, sheria za nchi nyingi huamuru yaondolewe. Lakini chuma kilichokaa majini miaka thelathini si chuma kitupu tena. Kome hukishika, samaki wadogo hujificha humo, na wakubwa huwafuata. Isitoshe, vyombo huzuiwa kukaribia jukwaa kwa umbali wa mita 500, hivyo nyavu za kukokotwa hazifiki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliyaweka majukwaa ya California miongoni mwa makao yanayozalisha samaki kwa wingi kabisa baharini, yakilinganishwa kwa eneo la sakafu. Katika Ghuba ya Mexico, ambako miguu ya majukwaa imekuwa ikikatwa kwa baruti, samaki hufa siku hiyohiyo. Jimbo la Louisiana limeruhusu tangu 1986 baadhi yake yabaki majini kama miamba ya kutengenezwa. Wanasayansi wangali wanabishana: je, jukwaa huzalisha samaki, au huwakusanya tu waliozaliwa kwingine?

Ziwa letu halina jukwaa la mafuta, ila limekuwa na paa linaloelea. Mwaka 1998 gugumaji lilifunika yapata hekta 17,000 za Ghuba ya Winam. Bandari ya Kisumu ilizibwa, mashua zikanaswa, na konokono wanaoeneza kichocho wakapata pa kushikilia. Fukusi walioachiliwa katika miaka hiyo walilitafuna, hali ya hewa ya El Niño ya 1997 na 1998 ikalitikisa, na kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ilikuwa imetoweka. (Kama sifa ni ya mdudu au ya mvua, huo ni ubishi ambao bado haujaisha.) Baada ya mvua kubwa za mwisho wa 2006 lilirejea, na tangu hapo limekuwa likija na kwenda kwa amri ya upepo.

Chini ya paa hilo mwanga ni haba na oksijeni ni haba zaidi. Mbuta, samaki aliyeletwa katika miaka ya 1950 na ambaye kufikia miaka ya 1980 alikuwa amewala fulu hata aina nyingi zikaadimika, hawezi kustahimili maji ya namna hiyo. Kamongo anaweza, maana ana mapafu. Mumi naye ana kiungo cha kupumulia hewa. Haishangazi basi kwamba watafiti waliochunguza mavuno ya upande wa Kenya wakati wa gugumaji waliona kamongo na mumi wakiongezeka. Walizaliwa humo au walikimbilia humo? Yamkini yote mawili. Lakini tusisahau kwamba paa hilo lilifanya pia kazi ya zile mita 500 za jukwaa: mashua ilipokwama ufuoni, samaki walipumzika. Maji yalipofunguka, nyavu nazo zilirudi.

Hapa ndipo suala linapokuwa la watu. Sehemu kubwa ya minofu ya mbuta huenda viwandani na kisha ng'ambo, nasi wa mitaa ya Kisumu huuziwa mifupa yake iliyokaangwa, iitwayo mgongo wazi. Jina hilo pekee lingetosha kufundishia somo zima la uchumi darasani. Kamongo na mumi, kwa upande wao, huuzwa na kuliwa papa hapa. Kwa hiyo kuondoa gugumaji ni kuhamisha kitoweo pia. Mvuvi wa mbuta na mama muuza omena hupata nafuu ya kweli, nami siwanyimi. Mvuvi wa mumi hupungukiwa, wala sijasikia akiulizwa.

Namna ya kuondoa nayo ina uzito wake. Mwaka 1999 mashine zililikatakata gugumaji na kuliacha majini. Mmea uliokatwa huzama, huoza, na katika kuoza hunyonya oksijeni na kurudisha majini rutuba ileile iliyoulisha. Kuutoa hadi nchi kavu ni ghali, lakini angalau rutuba hutoka nao. Na maadamu Mto Kisat unaendelea kubeba uchafu wa mji, na Nyando udongo wa mashamba, mmea huo hautakosa chakula.

Sitetei gugumaji libaki. Ninalotetea ni kwamba liondolewe kwa vipande badala ya mara moja, na kwamba mafunjo ya ukingoni, ambayo ni mmea wa asili na huwahifadhi fulu, kamongo na mumi bila kuziba bandari, yaache kufyekwa na kuchomwa kana kwamba nayo ni magugu. Aidha, kila kazi ya kusafisha ziwa hupimwa kwa hekta zilizoondolewa. Iongezwe safu moja katika taarifa hizo: idadi na aina ya samaki waliopakuliwa katika fuo jirani, miezi sita kabla na miezi sita baada. Wanafunzi wa shule za kandokando ya ziwa, wanaowajua samaki hawa kwa majina tangu utotoni, wanaweza kuianza hesabu hiyo muhula ujao kwa daftari na kalamu.