Cheti cha Mtandaoni na Mkono wa Muuguzi



Mama wa mmoja wa wanafunzi wetu ni muuguzi katika zahanati. Jioni moja alipokuja kumchukua mwanawe alitukuta hatujamaliza somo, akaketi barazani kusubiri, simu ikiwa mkononi. Tulidhani anasoma ujumbe wa nyumbani, kumbe naye alikuwa darasani. Alikuwa akifuatilia somo la kumsaidia mtoto mchanga aliyezaliwa bila ya kupumua, tena kwa haraka, kwani bando lilikuwa linakwisha na zamu yake ya usiku imekaribia. Akafika kwenye maswali ya mwisho, akajibu, akakosea, akarudia palepale, akafaulu. Cheti kikatokea kwenye kioo cha simu. Akacheka kicheko kisichokuwa na furaha, akatuambia: "Ustaadh, pointi nimezipata. Lakini usiku huu akizaliwa mtoto asiyelia, mkono wangu ni uleule wa jana."

Tangu jioni ile tumekuwa tukijiuliza swali moja, nalo ndilo tunaloliweka mbele ya msomaji: mafunzo ya wauguzi kwa njia ya mtandao yapimwe kwa kipimo gani? Je, ni kwa wingi wa vyeti vilivyotolewa, au ni kwa hali ya mgonjwa aliyehudumiwa? Kadhia hii haiwahusu wauguzi peke yao. Kila mmoja wetu ana mke, dada au binti ambaye siku moja atalala mbele ya mkunga asiyemjua, na hatakuwa na nafasi ya kumuuliza ujuzi wake ameupataje.

Haja ipo wala haikanushiki

Tusieleweke vibaya. Hatuandiki haya ili kuipinga elimu ya mtandaoni, kwani mwenye kuipinga hajaijua hali ilivyo. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2025 juu ya hali ya uuguzi, lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilikuwa na wauguzi milioni 29.8, na kwamba upungufu ulikuwa milioni 5.8. Afrika ni miongoni mwa maeneo yaliyobeba mzigo mzito wa upungufu huo. Zahanati yenye wauguzi wawili ikimtoa mmoja kwenda mjini kusoma kwa wiki mbili, imejikata mkono mmoja. Na asipokwenda, basi huendelea kutibu kwa elimu aliyoipata chuoni miaka kumi au ishirini iliyopita, hali ya kuwa dawa zimebadilika na miongozo imebadilika.

Wenzetu wa Kenya waliliona hili mapema. Sehemu kubwa ya wauguzi wao walikuwa wa ngazi ya cheti, waliosomeshwa zamani kabla ya mafunzo hayo kuupa Ukimwi nafasi iliyostahiki. Ilitakiwa wapandishwe hadi stashahada, nao ni zaidi ya 20,000, wakati vyuo vingeweza kuchukua wachache tu kila mwaka. Kwa mwendo wa darasani kazi hiyo ingemaliza miongo mingi. Mwaka 2005 shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi la Kenya na kampuni ya Accenture wakaanzisha mpango wa kuwasomesha kwa kompyuta huku wakiendelea na kazi zao. Mpango huo ulifungua mlango ambao darasa la kawaida lisingeweza kuufungua, na ni haki kuwashukuru waliouanzisha.

Kisha ukaja mwaka 2020 na maradhi ya Uviko-19. Mikusanyiko ilikatazwa, na wahudumu wa afya walihitaji kujifunza ugonjwa usiokuwemo katika kitabu chochote. Shirika la Afya Duniani likautumia mtandao wake wa mafunzo wa OpenWHO, ulioanzishwa mwaka 2017, kuwafikishia watu somo katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Tangu hapo mafunzo ya mtandaoni yamekuwa jambo la kawaida.

Basi tatizo liko wapi? Liko katika lengo. Kenya na Tanzania, kama ilivyo katika nchi nyingi, mabaraza yanayosimamia uuguzi yameyafungamanisha mafunzo endelevu na kuhuishwa kwa leseni. Nia ni njema: asiyejifunza asiachiwe wagonjwa. Lakini jambo jema likigeuzwa hesabu ya pointi, watu hufuata pointi. Muuguzi aliyechoka hutafuta somo fupi kuliko yote, na mtayarishaji naye humtengenezea somo jepesi kuliko yote. Mwisho wa mwaka kila upande una takwimu nzuri, na mgonjwa peke yake ndiye asiyeulizwa.

Mtandao unaokutanisha watu

Wapo wanaosema kwamba elimu ya mbali haiwezi kamwe kulingana na ya ana kwa ana. Nao pia wamekosea, na ushahidi upo.

Mwaka 2003, katika jimbo la New Mexico nchini Marekani, daktari bingwa wa maradhi ya ini, Sanjeev Arora, alikuwa na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C ambao wengine walisafiri masafa marefu kumfikia, na wengi zaidi hawakumfikia kabisa. Akaanzisha mpango ulioitwa ECHO. Kila wiki wahudumu wa vituo vya mbali na wa magereza walikutana na mabingwa kwa njia ya video. Hawakukutana kusikiliza hotuba tu. Kila mmoja alikuja na mgonjwa wake, bila ya kumtaja jina, akaeleza hali yake na alivyokusudia kumtibu, kisha wakamjadili pamoja. Yule wa kijijini akakosolewa, akasahihishwa, na wiki iliyofuata akarudi kueleza matokeo.

Mwaka 2011 matokeo ya kazi hiyo yalichapishwa katika jarida la utabibu la New England Journal of Medicine. Wagonjwa 407 walifuatiliwa. Waliotibiwa katika kliniki ya chuo kikuu, chini ya mabingwa wenyewe, walipona asilimia 57.5. Waliotibiwa vijijini na magerezani, na wahudumu waliosomeshwa kwa njia hiyo, walipona asilimia 58.2. Hapakuwa na tofauti ya maana baina ya makundi mawili.

Tazama, ewe msomaji, kilichofanya kazi hapo. Hapakuwa na muujiza katika mashine. Kilichofanya kazi ni mwalimu anayesikiliza, mwanafunzi anayeleta tatizo la kweli, na mazungumzo yasiyokatika. Mtandao ulikuwa ni njia tu ya kuwakutanisha. Ama somo ambalo mtu hulitazama peke yake, akabonyeza, akatazama tena, akapewa cheti, hilo lina jina moja na hili lakini si kitu kimoja.

Mkono haufundishwi kwa macho

Kuna elimu ya akilini na kuna elimu ya mkononi. Kuchagua dawa ya homa ya ini ni jambo linalojadilika kwa maneno. Kumpulizia hewa mtoto mchanga asiyepumua ni jambo jingine kabisa. Mkunga ana takriban dakika moja. Ndani yake amkaushe mtoto, amsisimue, aone kwamba hapumui, aweke kichwa sawasawa, akaze barakoa usoni pasivuje hewa, aminye mfuko na kuangalia kifua kama kinapanda. Mtu anaweza kuyajibu maswali yote juu ya hayo na bado barakoa ikamvuja.

Ushahidi wa hili tunao hapahapa Tanzania, katika Hospitali ya Haydom iliyoko mkoa wa Manyara. Wakunga wa hapo walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto kupumua, wakitumia mwanasesere. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miezi kadhaa baadaye walifanya vizuri zaidi mbele ya mwanasesere, lakini namna walivyowahudumia watoto wenyewe haikubadilika. Fikiri: hayo yalikuwa mafunzo ya ana kwa ana, na bado siku moja haikutosha kuyavusha kutoka darasani hadi kitandani. Basi itakuwaje kwa dakika arobaini za kutazama kioo cha simu?

Watu wa Haydom hawakukata tamaa. Walibadilisha utaratibu. Mwanasesere akawekwa hapohapo kazini, na wakunga wakafanya mazoezi mafupi ya dakika tatu hadi tano kila wiki, pamoja na zoezi refu zaidi, kiasi cha dakika arobaini, kila mwezi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kuzaliwa vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 katika kila watoto 1,000. Hayo ndiyo matokeo ya mafunzo yanayopimwa kwa uhai.

Sisi walimu wa madrasa jambo hili halitushangazi. Mwanafunzi anaweza kusoma kitabu kizima kinachoeleza mahali zinapotokea herufi, akajua ipi hutoka kooni na ipi hutoka kwenye ncha ya ulimi, na akifungua kinywa akakosea zote. Hana budi kukaa mbele ya mwalimu, asome, arudishwe, asome tena, mpaka ulimi ukubali. Ndiyo maana wanavyuoni hawakutoa ijaza kwa mtu kwa sababu tu amemiliki kitabu. Walitoa baada ya kumsikia. Ikiwa tunajihadhari namna hii juu ya ulimi, mkono unaoshika roho ya mtu unastahiki tahadhari kubwa zaidi.

Tunayoyataka

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, nayo hayahitaji miujiza.

Kwanza, muuguzi apewe muda na nyenzo. Mwajiri anayemtaka mfanyakazi wake ajifunze amtengee saa ndani ya zamu, na ampatie intaneti kazini au masomo yanayoweza kuhifadhiwa kwenye simu na kusomwa bila ya mtandao. Si insafu kumtaka mtu anunue kwa mfuko wake, usiku wa manane, elimu ambayo faida yake ni ya jamii nzima.

Pili, kila somo linalohusu kazi ya mkono lisikamilike mtandaoni. Sehemu ya maelezo isomwe kwenye simu, na cheti kisitolewe mpaka mkunga mwandamizi amshuhudie mwenzake akilitenda tendo lenyewe, kisha aweke saini yake. Saini hiyo ni ushahidi, na ushahidi ni dhima.

Tatu, masomo yawe na mtu wa kuulizwa. Mkutano mmoja kwa mwezi, wa video au hata wa simu ya kawaida, baina ya zahanati za wilaya na daktari au mkunga wa hospitali ya wilaya, ambapo kila kituo kinaleta mgonjwa wake aliyewashinda, una faida kuliko masomo kumi ya kubonyeza.

Nne, lugha. Masomo mengi ya mtandaoni yameandikwa kwa Kiingereza. Wahudumu wa afya wa ngazi ya jamii, na wengi katika wahudumu wa wodini, hufikiri na huzungumza na wagonjwa kwa Kiswahili. Kuwafundisha kwa lugha wanayoitumia kazini ni sehemu ya usalama wa mgonjwa.

Huenda mtu akasema: hayo yote yana gharama, na mtandao ulikusudiwa kupunguza gharama. Tunamjibu kwamba dakika tano za Haydom hazikuhitaji jengo jipya wala safari ya mjini. Zilihitaji mwanasesere mmoja, mfuko na barakoa, na watu walioazimia. Aidha, mafunzo ya rahisi yasiyofika mgonjwani si ya rahisi hata kidogo. Ni fedha na usingizi wa muuguzi vilivyopotea bure.

Na wauguzi nao tunawanasihi kwa mapenzi. Mifumo ina kasoro, na mzigo mlioubeba tunauona. Lakini anayempa mwenzake simu amjibie maswali, au anayebahatisha majibu mpaka yapatikane, anajua nafsini mwake kwamba cheti kile kinatoa ushahidi wa jambo lisilokuwepo. Siku mfumo ulipokosea, lawama ilikuwa ya mfumo. Siku mtoto atakapozaliwa hapumui, mfumo hautakuwepo chumbani.

Yule mama tulimwona tena baada ya wiki chache. Alitueleza kwamba yeye na mwenzake wamemwomba mganga mfawidhi wao awatafutie mwanasesere wa mazoezi, na kwamba hadi apatikane wanatumia kitambaa kilichoviringishwa, wakishindana nani ataweka kichwa sawasawa na kukaza barakoa kwa haraka, kila Jumatatu kabla ya kufungua dirisha la wagonjwa. Hakuna aliyewaamrisha, wala hakuna pointi wanayoipata kwa hilo. Tulipomuuliza kwa nini basi wanafanya, alitutazama kama tuliouliza jambo la ajabu, akasema: "Si tumeshaambiwa namna ya kufanya? Sasa tunajifunza."

Wabillahi tawfiq.