Laki nane kwa mlo mmoja: mteja analipia chakula au kiti?

Oktoba 2025 nyama ilirudi kwenye menyu ya Eleven Madison Park, moja ya migahawa ghali zaidi jijini New York. Mpishi wake mkuu, Daniel Humm, alikuwa ameiondoa miaka minne nyuma kwa hoja ya kulinda mazingira. Watu walibishana sana kuhusu wanyama na hali ya hewa. Kilichopita bila kelele nyingi ni bei.

Mgahawa huo ulipofunguliwa upya Juni 2021 bila nyama wala samaki, mlo kamili uliuzwa dola 335 kwa mtu mmoja. Hiyo ni zaidi ya Sh800,000 za Tanzania, au Sh43,000 na ushee za Kenya. Ilikuwa bei ileile ya zamani, wakati bata wa kuchomwa kwa asali akiwa ndiye mfalme wa meza. Bata katoka, bitiruti imeingia, bili haijashuka hata senti.

Hapo sasa. Kama bei haitikisiki viungo vikibadilika, basi mteja halipii viungo. Analipia nini?

Kwa hesabu za kawaida za biashara hii, vitu vinavyonunuliwa sokoni hula kama theluthi moja tu ya bei ya sahani. Kinachobaki ni pango, gesi, umeme, vyombo, vinavyooza na, zaidi ya yote, mikono ya watu. Mgahawa wa kifahari una wapishi wanaopanga majani kwenye sahani kwa kibano, jani moja moja. Una mhudumu anayejua kila chupa ya mvinyo imetoka shamba gani.

Halafu kuna kiti chenyewe. Benchi la mama lishe Kariakoo linabadilisha wateja kila baada ya dakika ishirini: mmoja anamaliza wali maharage, mwingine ameshasimama nyuma yake anasubiri. Meza ya kifahari inakaliwa saa tatu, mara nyingi na kundi moja tu kwa usiku mzima. Saa hizo zote lazima azilipie aliyekaa.

Kijiko kizito, chakula kitamu

Wapo wanaosema mandhari ni danganya toto tu. Utafiti unawapinga, angalau kwa sehemu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza matokeo ya jaribio walilofanya katika hoteli moja ya Edinburgh, Scotland. Wageni walipewa chakula kilekile, ila wengine walipewa visu na uma vizito, wengine vyepesi. Wenye vyombo vizito walisema chakula ni kizuri zaidi na wako tayari kukilipia zaidi. Na mwaka 2008 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba mvinyo uleule ulionekana mtamu zaidi watu wakiambiwa chupa ni dola 90 kuliko wakiambiwa ni dola 10.

Kwa hiyo mandhari yanaingia kweli kwenye ladha. Anayebisha aende Zanzibar. Mgahawa wa The Rock kule Michamvi Pingwe umejengwa juu ya jiwe baharini. Maji yakitoka unafika kwa miguu, yakijaa unavushwa kwa mashua. Pweza wa kuchomwa anapatikana pia Forodhani, jioni yoyote, kwa bei ya mtu wa kawaida, na wapo watakaoapa kuwa ndiye mtamu zaidi. Anayekwenda Pingwe amelipia bahari inayomzunguka, na anajua hivyo kabla hajakaa. Huyo hajaibiwa.

Ghali, na bado haikutosha

Tatizo kubwa liko jikoni, na mfano mzuri ni Noma ya Copenhagen, Denmark. Mgahawa huo umetajwa mara tano kuwa bora duniani, na mlo wake ulifikia takriban dola 500 kwa mtu. Hata hivyo, kwa miaka mingi sehemu ya kazi yake ilifanywa na vijana waliokuwa wakijifunza kazi bila mshahara. Walianza kulipwa Oktoba 2022, na gharama zikapanda kwa dola zisizopungua 50,000 kwa mwezi. Januari 2023 mwanzilishi mwenza wake, René Redzepi, alitangaza kuwa Noma itaacha kuendeshwa kama mgahawa wa kawaida, akisema hesabu za biashara ya namna hiyo hazibebeki tena.

Hili ndilo linalovuruga ubishi wote wa "ghali au siyo ghali". Mteja alilipa zaidi ya milioni moja ya Kitanzania kwa usiku mmoja akidhani amelipia kila kitu. Sehemu ya bei halisi alikuwa anailipa kijana jikoni, kwa jasho la bure. Kwa maana hiyo dola 500 zilikuwa ndogo.

Afrika Mashariki ina kishawishi cha aina yake. Masaki, Westlands na kwingineko, viti vya mahameli, taa za dhahabu na ukuta wa kupigia picha vinanunuliwa kwa wiki moja. Mpishi mzuri hanunuliwi kwa wiki, na wahudumu waliofundishwa wakabaki ni adimu zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kukaa mahali panapong'aa, akaletewa kamba waliotoka kwenye friza na chipsi za pakiti, kwa bei ya mgahawa wenye jiko la kweli. Hapo mandhari hayajaongeza ladha, yamefunika pengo.

Na bei ya kwenye menyu mara nyingine siyo ya mwisho. Kuna sehemu VAT huongezwa baadaye, asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, ambako pia kuna tozo ya utalii ya asilimia 2. Kisha inakuja tozo ya huduma. Kuna mahali wahudumu wanagawana, kuna mahali inaingia kwenye mfuko wa nyumba, na menyu ni nadra kusema. Anayeweza kujibu ni yule aliyeleta bili, bora aulizwe bosi akiwa mbali.