Ratiba Yetu Ifuate Mvua, Isifuate Mradi

Mwezi uliopita tulikaa mkutanoni hapa Nakivale, na mfanyakazi mmoja wa shirika akatuambia kwamba vijana wanaosomea nyumbani hawana motisha. Alisema kwa upole, hatumchukii. Lakini tulirudi nyumbani lile neno linatuwasha, maana vijana hao ni sisi wenyewe, na wadogo zetu tunaowafundisha chini ya turubai.

Tuanze na nani anasomea nyumbani. Wengi tulitoka Congo tumeshaingia sekondari, tumesoma kwa Kifaransa. Tulipofika Uganda tukaambiwa, juu ya Kiingereza, turudi darasa la nne au la tano la primary. Fikiria kijana wa miaka 16, ndevu zimeanza kutoka, anakaa benchi moja na mtoto wa miaka 10. Anavumilia wiki mbili, ya tatu anabaki nyumbani. Kwa wengine shida ni karo tu. Wengine ni dada zetu waliozaa mapema, wanaogopa kuchekwa darasani. Hakuna hapo aliyekataa kusoma.

Mwaka jana tulianza na vijana 14. Tuliiga ratiba ya shule jinsi ilivyo: mihula mitatu, likizo ndefu, saa nne kila asubuhi. Kufika Mei walibaki 5, na kosa lilikuwa letu. Machi mvua ilianza, kila mtu akawa shambani kupanda mahindi na maharage. Siku ya mgao foleni inakula siku nzima. Halafu tukafunga kwa likizo kama shule zinavyofanya, na aliyekaa wiki tatu bila kushika daftari hakurudi tena. Dada mmoja, aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu, akaenda Kampala kufanya kazi za nyumbani. Hadi leo tunamwandikia, anajibu kwa kichekesho tu.

Yaani tulipaswa kujua. Shule za Uganda zilifungwa Machi 2020 na zikafunguliwa kwa wote Januari 2022. Tulioona kipindi kile tunakumbuka: aliyekuwa anasoma kidogo kila siku, hata ukurasa mmoja, alirudi darasani. Aliyesubiri shule zifunguliwe ndiyo aanze, wengi wao hawakuonekana tena.

Kwa hiyo sasa tunasoma mwaka mzima, lakini kidogo kidogo. Saa mbili kwa siku, siku tano, wiki nne mfululizo, kisha wiki moja ya kupumzika. Mizunguko kumi inatosha mwaka, na inabaki wiki mbili za Krismasi. Piga hesabu: ni saa 400. Ile wiki ya kupumzika tunaisogeza iangukie kupanda au kuvuna, mvua za Machi na zile za Septemba. Siku ya mgao hakuna masomo kabisa, na hakuna anayeandikwa mtoro.

Saa zenyewe zilituletea kazi. Asubuhi wasichana wanachota maji, jioni wanapika. Tulienda kwa mama mmoja kumwomba binti yake.

"Mama, tunaomba saa mbili tu, saa nane mpaka saa kumi."

"Na maji, wanangu, yataletwa na nani?"

Wavulana wawili wakasema watayaleta wao. Mama akacheka, akadhani ni mzaha. Sasa hivi wanabeba bidoni kila siku, na binti hajakosa hata wiki moja. Kama kuna motisha, ni hiyo ya maji.

Tumeona pia kwamba mtu akianza na Kiingereza anavunjika moyo haraka. Tunaanza na hesabu, anayoijua tayari, halafu Kiingereza kinaingia polepole. (Kwetu tulifundishwa kuandika 1,5 na huku ni 1.5. Usicheke, kuna mtu alikosa maswali mengi kwa sababu ya koma hiyo.) Kila Ijumaa mmoja anafundisha wenzake kitu alichokishika wiki ile. Kijana aliyekuwa analala darasani hawezi kulala siku akijua Ijumaa ni yake. Asipofika siku mbili, mtu anaenda kwao kumsalimia, bila kumgombeza. Mara nyingi anakuta mgonjwa ndani, au njaa.

Wapo wenzetu wanaosema tunawachosha watoto, kwamba hata wanafunzi wa shule wanapumzika mwezi mzima. Sawa, lakini mwanafunzi wa shule akimaliza likizo kengele inamwita. Sisi hatuna kengele.

Ndugu zetu wa mashirika, hapa ndipo tunagombana nanyi kidogo. Mnakuja na mafunzo ya miezi mitatu, fulana na cheti, kisha ripoti inaandikwa na mnaondoka. Mwezi wa nne kijana amekaa tena mlangoni, na mnasema hana motisha. Fedha ya fulana ingenunua taa za sola na madaftari ya mwaka mzima. Na kabla ya kupanga tarehe zenu, tuulizeni tunapanda lini.

Kubwa zaidi ni mtihani. PLE ina masomo manne: Kiingereza, hesabu, sayansi na maarifa ya jamii. Tunaweza kuyafundisha. Tusichoweza ni kumwandikisha mtu, kwa sababu lazima apitie kituo kinachotambuliwa na UNEB, na jina lipelekwe mapema, miezi mingi kabla ya mtihani wa mwisho wa mwaka. Shule mbili tulizozifuata zimetuambia haziwezi kupokea mtu wasiyemfundisha. Mfanyakazi wa shirika akienda naye akaketi mbele ya mwalimu mkuu, mazungumzo yanakuwa mengine, tunajua hivyo.

Tuko na wawili walio tayari mwaka huu. Mmoja ni yule binti wa maji.