Kitoweo cha Mgeni Kinatoka kwa Nani?

Mwambao huu wa Ziwa Nyasa, kuanzia Lituhi hadi Chiwanda, una imani moja ambayo watu hawataki iguswe: mgeni akipanda mtumbwi wa mtu kwenda kuvua, harudi mikono mitupu. Hata kama alikaa katikati amejikunyata usiku kucha, hata kama alitapika hadi nyongo, mtumbwi ukigusa mchanga lazima afungiwe samaki wake. Mwenye mtumbwi asipofanya hivyo atasemwa kilabuni kwamba ni bahili. Na mgeni akithubutu kutoa hela, ataambiwa anawatukana wenyeji. Watu wanaita jambo hili heshima. Nasema ni unyang'anyi wa kistaarabu, na wanaonyang'anywa ndio pekee ambao hawaulizwi.

Shuka ufukweni Chiwanda alfajiri, utazame mtumbwi wa dagaa ukirudi. Dagaa wetu ni usipa, na usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Vijana wanaoshuka pale wamekauka kwa baridi, vidole vimekunjamana kwa maji, mmoja bado anachota maji mtumbwini kwa dumu lililokatwa shingo. Akina mama wachuuzi wameshaingia majini mpaka magotini, mabeseni yako kiunoni. Mwenye mtumbwi anateremka kutoka nyumbani akiwa amejifunga shuka, maana yeye hakwenda ziwani. Aliyekwenda ni shemeji yake, aliyekuja kutembea kutoka Songea na akatamani kuona uvuvi. Katikati ya usipa amelala mbasa mmoja mkubwa, ambaye bila shaka alinaswa akiwafuata hao usipa, kwa kuwa ndio chakula chake. "Shemeji, usiondoke hivi hivi, chagua kitoweo," anasema mwenye mtumbwi. Shemeji hajiulizi mara mbili. Anamwonyesha mbasa.

Ukitaka kujua ukweli wa hiyo heshima, acha kumwangalia shemeji, waangalie vijana. Hakuna anayesema neno. Wanainamia nyavu na kuendelea kuzikung'uta.

Wanajua hesabu. Kwa kawaida ya kazi hii, mapato ya usiku hutolewa gharama kwanza: petroli kama kuna injini, taa, chakula, matengenezo ya nyavu. Kinachobaki hugawanywa kati ya mwenye chombo na waliokwenda kuvua, na fungu la wavuvi hugawanywa tena kichwa kwa kichwa. Viwango hutofautiana kwa makubaliano, lakini utaratibu ni huo. Sasa tuseme mbasa yule angeuzwa shilingi 10,000, mgawo ni nusu kwa nusu, na vijana ni watano. Mwenye mtumbwi amempa shemeji yake zawadi ya shilingi 10,000, ila yeye mwenyewe ametoa 5,000 tu. Zilizobaki wamezitoa vijana, elfu moja kila mmoja, bila kuambiwa wala kushukuriwa. Sifa zote amechukua aliyelala kitandani. Na usiku ambao nyavu zimerudi na ndoo mbili za usipa, ambazo zinaishia kurudisha petroli tu, ile elfu moja ndiyo unga wa muhogo wa nyumba ya mtu.

Wavuvi nao wana kitoweo chao, na ni haki yao: kila kijana huondoka na kiasi cha kupika nyumbani. Hicho ni sehemu ya ujira, kama vile mgawo wa fedha. Mgeni anapoingizwa humo humo, ama fungu la kila mtu linapungua, ama samaki bora ndiye anayeondoka. Sijawahi kuona mgeni akifungiwa samaki wabaya.

Utetezi unaosikika kila mahali ni kwamba samaki ni wa Mungu na ziwa halina mwenyewe. Maneno matamu hayo, hasa mdomoni mwa mtu asiyenunua nyuzi za kushonea nyavu. Samaki ni wa Mungu akiwa majini. Kumtoa humo kunahitaji leseni na chombo kilichosajiliwa, kama inavyotaka Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003, na akifika mwaloni kuna ushuru unaomsubiri. Hakuna karani wa ushuru aliyewahi kumsamehe mvuvi kwa sababu samaki ni wa Mungu. Wala tusidanganyane kwamba ziwa limejaa samaki mpaka chini. Ziwa Nyasa lina kina kinachozidi mita 700, lakini ukipita mita 250 hivi maji hayana oksijeni na samaki hawaishi. Sote, Watanzania, Wamalawi na Wamsumbiji, tunagombania tabaka la juu tu. Wenzetu wa Malawi walidhani samaki wao waitwao chambo hawatakwisha. Waulize leo bei ya chambo.

Halafu kuna gharama ambazo mgeni hazioni kwa sababu amezikalia. Uzito wake ni uzito ambao ungekuwa wa usipa. Akiwa na woga, mtumbwi hauendi mbali, na pale walipozoea kuvua hapafikiwi. Kati ya Mei na Agosti, mwera ukianza kuvuma kutoka kusini-mashariki, mawimbi ya ziwa hili hayana mzaha, na mtu asiyejua kukaa anageuka kazi ya ziada: anasimama pasiposimamwa, anashika upande unaoinama. Na mara nyingi chombo kizima kina jaketi okozi moja. Unadhani huvaa nani? Kijana anayening'inia ubavuni akivuta wavu gizani habaki na kitu, ila mgeni aliyekaa katikati amevalishwa kama bwana harusi. Hilo peke yake lingetosha mtu kushuka ufukweni akiwa na deni, badala ya kudai.

"Lakini nilisaidia kuvuta wavu." Hii ni hoja ya wageni wa siku hizi, ambao wameongezeka tangu lami ilipofika Mbamba Bay, na wikiendi imekuwa jambo jepesi kutoka Mbinga na Songea. Kweli, alivuta. Alivuta mpaka mwenzake alipomaliza kumpiga picha, kisha akakaa kuangalia kama picha imetoka. Anayetaka kuhesabiwa mvuvi ahesabiwe kote kote: achote maji saa nane za usiku, apokee mgawo wa siku ya hasara, kesho arudi. Akishindwa, basi ni abiria, na abiria hulipa nauli.

Mwambao wetu unacho hata kisa cha zamani cha mtu aliyedhani urafiki wa nchi kavu unatosha kumlinda kwenye chombo cha mwenzake. Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen, chini ya Kapteni Rhoades, iliingia Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhaven, na kuipiga mizinga meli yao Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Berndt wa Kijerumani, mnywaji mwenza wa Rhoades, hakuwa amepata habari kwamba vita vimeanza. Alipanda mashua, akaenda kumfokea rafiki yake. Aliishia kuwa mateka. Shemeji wa leo ana bahati, yeye anarudi na mbasa.

Najua nitakachoambiwa: huyu anataka kuua ukarimu wa Wanyasa. Kinyume chake, nataka ukarimu uwe wa mwenyewe. Mtu akitoa kilicho chake amekuwa mkarimu. Akitoa cha vijana wake amekuwa mjanja. Dawa yake haina gharama hata ya senti: mgawo kwanza, zawadi baadaye. Mwenye mtumbwi apokee fungu lake, kisha kutoka fungu hilo ampe shemeji hata ndoo nzima, sisi tutampigia makofi. Na mbona kwingine tunaelewa? Panda Mbinga ukamtembelee rafiki msimu wa kahawa. Utaonyeshwa shamba, utaona watu wakichuma na kumenya, utapikiwa, utalazwa. Hutaondoka na debe la kahawa lililochotwa kwenye mzigo wa wachumaji kabla hawajalipwa, na ukiliomba utaonekana umechanganyikiwa.

Tena kuna uonevu mwingine unaopita kimya hapo hapo ufukweni. Wale akina mama wenye mabeseni ndio wanaoifanya biashara hii iende. Wananunua kila siku, wanaanika, wanapeleka milimani. Katika mialo mingi ya nchi hii mwanamke akitaka kupanda mtumbwi wa uvuvi huambiwa analeta mkosi. Yaani anayelipa haruhusiwi kupanda, na anayepanda haruhusiwi kulipa. Halafu mgeni akishachukua samaki bora, mama yule huuziwa waliobaki kwa bei ile ile, kwa kuwa pengo lazima lizibwe na mtu.

Kwa hiyo, wewe unayepanga kuja Chiwanda mwezi ujao na ungependa kulala ziwani usiku mmoja: karibu sana. Uliza kabla ya kupanda petroli ni kiasi gani, uchangie, na hela hiyo umkabidhi nahodha mbele ya vijana wake. Kaa utakapoonyeshwa. Jaketi okozi njoo nalo lako. Mtumbwi ukifika, shuka upesi, uwapishe watu wagawane, na mwenye mtumbwi akikuita kuchagua kitoweo, mwambie, "Kaka, subiri kwanza wagawane." Ukimtamani mbasa, utamkuta kwenye beseni la mama mmojawapo, nyuma kidogo ya mtumbwi. Ana bei, na bei yenyewe unaweza kuomba upunguziwe.