Nipeni Mji: Kuwatetea Wanaobashiri

Katika idara zetu za Kiswahili, Afrika Mashariki na huku ughaibuni, kuna dharau iliyopewa heshima ya hoja bila kuwahi kuthibitishwa. Dharau yenyewe ni hii: kijana anayekesha akijadili hadithi ya mchezo wa mtandaoni itakavyoendelea anapoteza wakati, na laiti angesoma kitabu angekuwa mtu. Nimeisikia makongamanoni, nimeisikia katika vikao vya kupitisha mada za tasnifu, na aghalabu husemwa kwa kicheko, kama jambo lisilostahili mjadala. Mimi nasema linastahili. Tena nasema kwamba kijana huyo anafanya uhakiki, na anaufanya kwa bidii ambayo madarasa yetu yameacha kuidai.

Tuutazame mfano ulio bayana. World of Warcraft ni mchezo wa fantasia ulioanza mwaka 2004, ambamo umati wa watu huingia kwa pamoja katika dunia iitwayo Azeroth, kila mmoja akivaa nafsi ya mhusika wake. Novemba 2023, katika mkutano wa BlizzCon, Chris Metzen alisimama jukwaani akatangaza sehemu tatu za hadithi kwa mpigo mmoja: The War Within, Midnight na The Last Titan. Ya kwanza ilitoka Agosti 2024. Tangu siku ya tangazo, wachezaji walikuwa na majina matatu, picha chache na miaka ya kungoja. Miaka hiyo wameitumia kusoma.

Na wanasoma kweli. Mwaka 2016, katika sehemu iitwayo Legion, makuhani wa giza walipewa jisu lenye jina Xal'atath, na jisu hilo lilikuwa likinong'ona. Mchezaji mwenye haraka aliyapuuza maneno yake, kama msomaji mvivu anavyoruka maelezo ya mandhari. Wengine waliyanakili, wakayapanga, wakauliza: anayesema ni nani, na anataka nini? Mwaka 2019 sauti ile ilitoka katika jisu ikavaa mwili. Mwaka 2024 mwenye sauti ndiye adui mkuu wa The War Within. Sisi walimu hukiita kitu hiki kidokezo, tukakifafanua ubaoni kwa mstari mmoja, kisha tukaendelea na mada nyingine. Wao walikaa nacho miaka minane.

Ubashiri huzaa pia hukumu. Mwaka 2018 mhusika Sylvanas aliuchoma Teldrassil, mti mkubwa uliobeba makazi ya watu, na kwa miaka miwili wachezaji walibishana juu ya sababu. Jibu lilipoletwa katika Shadowlands mwaka 2020, ilidaiwa kwamba nyuma ya yote alikuwapo mfungaji wa wafu, mhusika ambaye hadithi haikuwa imemwandaa hata kidogo. Wengi walilikataa jibu hilo, na sababu waliyoitoa ilikuwa ya kihakiki: halikuwa na mizizi katika yaliyotangulia. Wasomi wamekuwa wakidai jambo hilohilo katika msuko tangu Aristotle. Ningefurahi kupata insha ya mwaka wa tatu inayolitetea dai hilo kwa ushahidi wa namna ile.

Kwa nini basi tunacheka? Tunacheka kwa sababu tumesahau tulikotoka. Fasihi yetu ilianza kwa kumtaka msikilizaji abashiri. Mtegaji husema "kitendawili", hadhira ikajibu "tega", na anayeshindwa kukitegua hatimuliwi barazani. Huombwa mji. Akitoa Mombasa, au Kilwa, au Unguja, mtegaji huuchukua, hutamba kidogo, kisha hulitoa jibu. Tazama adabu iliyomo: kukosea kuna gharama, gharama hiyo ni ya mchezo, na asiyejaribu hana la kutoa wala la kupokea.

Au tumkumbuke Fumo Liyongo, ambaye Muhammad Kijumwa alimtungia utendi mwaka 1913. Shujaa aliyechomwa sindano ya shaba kitovuni na mwanawe anakwenda kisimani, anapiga goti, anatia mshale katika upinde, na roho inamtoka akiwa bado amelenga. Watu wa mji wanasimama kwa mbali. Wana kiu, lakini hawathubutu kusogea. Yu hai? Amekufa? Ana hasira na nani? Hadhira hiyo inausoma mwili uliokaa kimya kwa dalili chache ilizo nazo, na uhai wake unategemea usomaji huo. Hakuna mwalimu anayefundisha utendi huu na kuwaita watu wale wapotezaji wa wakati.

Hata riwaya zetu za upelelezi na hadithi za mfululizo magazetini ziliishi kwa neno moja: itaendelea. Wazee wetu walilingoja gazeti la wiki ijayo, na katikati ya wiki wakabishana kazini na kwenye kahawa juu ya muuaji. Waliobishana hivyo leo ni maprofesa wastaafu, na baadhi yao ndio wanaocheka.

Darasani tumeuua ubashiri, na silaha tuliyotumia ina jina: mwongozo. Chukua Nagona ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, na Mzingile iliyofuata mwaka 1991. Hizi ni kazi zilizoandikwa ili msomaji apotee ndani yake. Jina la ile ya pili linakiri hivyo waziwazi. Lakini tulivyozoea kufundisha, mwanafunzi huipokea riwaya mkono mmoja na mwongozo mkono wa pili, na mwongozo humpa dhamira, maudhui, wahusika na falsafa kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Amepewa jibu kabla ya kutegewa. Kisha tunashangaa kwamba hasomi, na tunamlaumu mchezo.

Wapo watakaosema kubashiri ni utoto. Mimi ninaishi Malton, kandokando ya uwanja wa ndege wa Pearson, mahali ambapo kampuni ya Avro ilitengeneza ndege ya kivita iitwayo Arrow. Ilionyeshwa hadharani tarehe 4 Oktoba 1957. Tarehe 20 Februari 1959 serikali ya Kanada iliufuta mradi, zaidi ya watu 14,000 wakapoteza kazi, na ndege zenyewe zikakatwakatwa. Miongo mingi imepita, na watu wazima wenye shahada za uhandisi bado wanabishana ndege ile ingefika wapi. Wengine husimulia kwamba moja ilitoroshwa na imefichwa mahali. Hakuna anayewaita watoto. Hadithi iliyokatwa katikati huwafanyia wanadamu hivyo, iwe ya chuma, ya karatasi au ya kompyuta.

Hoja nzito zaidi ni ya biashara. Michezo hii ni bidhaa, huambiwa, na ngoja hiyo imepangwa na kampuni ili mteja asiache kulipa kila mwezi. Ni kweli. Kampuni inayashika majibu yote, na mbashiri hana haki yoyote juu ya dunia aliyoitafakari kwa miaka. Lakini gazeti nalo liliuza "itaendelea", na katika Alfu Lela Ulela Shahrazadi aliuza usiku mmoja kwa usiku mwingine, bei ikiwa kichwa chake. Biashara ya mtegaji haimfanyi mteguaji kuwa mjinga. Kama tunaichukia biashara hiyo, tuwafundishe vijana kuisoma, badala ya kuwadharau kwa kuwa wamekwisha kuanza kusoma.

Nami nibashiri, nisije nikaonekana ninatetea kazi nisiyothubutu kuifanya. The Last Titan imeahidi kurejea kwa titani, viumbe waliokuja Azeroth, wakaipanga upya, wakaacha walinzi na kumbukumbu zinazosema mpango wao ulikuwa neema. Katika Dragonflight ya mwaka 2022 tulioneshwa kwamba mayai ya majoka yalitiwa uchawi wa mpango huo bila ridhaa, na wakuu wa majoka walioukataa wakafungwa. Msomaji aliyelelewa juu ya historia iliyoandikwa na maofisa wa wilaya hahitaji kudokezwa mara mbili. Nabashiri kwamba nafsi iliyolala ndani ya Azeroth, ikiamka, itawakataa waliojiita wazazi wake, na kwamba swali la mwisho litakuwa nani alikuwa na haki ya kuandika kumbukumbu zile. Nikikosea, nitatoa mji.

Kuna jambo linaloniuma zaidi ya dharau yenyewe. Vijana wa nyumba za Waswahili ninaowajua hapa Malton hufanya kazi hii yote kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza hupima ushahidi, huikosoa sababu dhaifu, hutetea mhusika. Wakirejea kwenye Kiswahili, kinabaki lugha ya "umekula?" na "funga mlango". Si kwamba lugha haina maneno. Tunayo taharuki, kidokezo, msuko, mbinu rejeshi, fanani na hadhira. Tumeyafungia katika karatasi za mtihani hadi yakanuka mtihani. Kijana hajui kwamba mabishano yake ya saa sita za usiku yana istilahi katika lugha ya mama yake, kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba mabishano yale ni fasihi.

Ninachodai si kikubwa. Mwalimu aifunge riwaya katikati ya muhula, awaambie wanafunzi waandike yatakayofuata na ushahidi wa kila dai, kisha wafungue waone. Awape alama kwa uzito wa ushahidi, hata kwa aliyekosea. Mwongozo ubaki kabatini mpaka siku hiyo ipite. Na anayetaka kuandika tasnifu juu ya hadithi ya mchezo wa mtandaoni aulizwe maswali magumu yaleyale anayoulizwa anayeandika juu ya utendi, asiulizwe kama anatania. Wenzangu watakaoendelea kucheka wana ruhusa ya kucheka. Ila kwanza watueleze ni lini mara ya mwisho mwanafunzi wao alikesha akikisubiri kitabu walichomgawia.