Mwizi wa silaha anaogopa nini: kifo ao kukamatwa?

Tarehe 13 mwezi wa tatu 2024, Wizara ya Sheria kule Kinshasa ilitoa barua yenye kurudisha utekelezaji wa hukumu ya kifo, wenye ulikuwa umesimama tangu mwaka 2003. Barua inagusa usaliti na pia ujambazi wa mujini wenye kuua watu. Mwezi wa kwanza 2025, wafungwa zaidi ya mia moja wenye walikatiwa hukumu hiyo, wale wanaitwa Kuluna, walikuwa wamekwisha kupelekwa katika gereza la Angenga, mbali na Kinshasa.

Huku kwetu wengi walifurahi. Mutu mwenye walimuvunjia mulango usiku mbele ya watoto, nani atamulaumu?

Lakini kuna wenye wamechunguza jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 2012 huko Marekani, kamati ya watafiti yenye iliongozwa na Daniel Nagin ilipitia uchunguzi wa zaidi ya miaka 30 juu ya hukumu ya kifo. Ilisema wazi kwamba kazi hizo hazionyeshi kama hukumu hiyo inapunguza mauaji, inayaongeza, ao haibadilishi kitu. Nagin mwenyewe, katika kazi zake zingine, anaonyesha kama kinachozuia muhalifu si ukubwa wa azabu. Ni kujua kwamba atakamatwa.

Sasa tujiangalie sisi. Mwizi wa hapa anajua nini? Anajua kama polisi hawana mafuta ya kufika kwenye avenyu saa nane za usiku. Anajua kama mwenye kushitaki ataombwa feza ya karatasi, ya usafiri, hata ya kulisha mutuhumiwa kwenye kashoo. Mwaka 2018, Michel Thill, Robert Njangala na Josaphat Musamba walitoa kazi yao juu ya polisi wa Bukavu, kupitia Rift Valley Institute. Waliomba tuangalie kwanza maisha ya kila siku ya polisi mwenyewe: mushahara kidogo, vyombo hakuna, na feza yenye inapanda kuelekea wakubwa. Polisi wa namna hiyo anatafuta chakula kwa raia, na mwenye kuwa na kitu cha kutoa anatoka. Kwa upande wangu, hapa ndipo ugonjwa uko.

Hata mwenye kukatiwa hukumu hakai. Mwezi wa kumi 2020, gereza la Kangbayi kule Beni lilishambuliwa, wafungwa zaidi ya 1,300 wakatoroka. Munzenze ya Goma ilivunjwa mwezi wa kwanza 2025, kukawa na vifo vya wanamuke wengi ndani ya moto. Tribinali inaweza kukata kifo; kama mulango wa gereza hausimame, hukumu ni karatasi tu.

Ndiyo sababu vijana wanachukua mawe na mipira ya gari. Wanaita hiyo haki. Ila kila mara wanachoma mutu mwenye hakusikilizwa na mutu yeyote, na polisi inakuta majivu, hakuna tena wa kuuliza ni nani alimupa silaha.

Huko kwenye kartie, wenye walimutambua mwizi siku ile wanamuona tena akipita. Mbele ya muamuzi wa tribinali, hawatarudi kutaja jina lake.